Utando wa kubandua kwenye taksi-basi za Goma: unachoondoa na unachoacha

Swali: Daktari, jambo. Nina taksi-basi tatu zinazofanya mstari wa Birere mpaka Mugunga. Tangu wakati wa Ebola hadi mpox hii, kila jioni tunapuliza klorini ndani ya magari. Vyuma vinaoza, simili ya viti, yaani ile ngozi bandia, inapasuka, na abiria wa asubuhi wanapanda wakitoa machozi. Mtoto wangu amenionyesha video ya ng'ambo: watu wanapaka kitu kama uji mweupe juu ya vyuma na viti vya treni, kinakauka, kisha wanakibandua kama ngozi, na wanasema vimelea vyote vinatoka nacho. Kijana mmoja hapa mjini anasema anaweza kuniletea ndoo zake kutoka Dubai. Ninunue? Kinaweza kushika nafasi ya klorini?

Jibu: Mama, jambo sana. Pesa yako ibaki kwanza. Ulichokiona kwenye video ni kitu cha kweli, hakuna mazingaombwe ndani yake. Ila kilitengenezwa kupambana na adui mwingine, na adui huyo siye anayepanda gari lako pale Birere kila asubuhi. Nitakujibu kwa urefu, maana umegusa jambo ambalo nimelishughulikia kwa miaka, na ndani ya video hiyo kuna wazo moja unaloweza kulitumia kesho bila kununua ndoo yoyote.

Anza kwa jaribio dogo, ulifanye kwa mikono yako. Tafuta gundi nyeupe ya maseremala, ile wanayoiita kole. Mwaga kiasi cha kizibo cha soda juu ya boneti ya gari lililoshinda barabarani bila kuoshwa, uitandaze kwa kidole ndani ya glavu, kisha uiache. Baada ya saa kadhaa weupe utapotea, gundi itakuwa kama plastiki unayoona upande wa pili. Inua ukingo wake kwa ukucha, uvute taratibu kwa pembe ya chini, karibu na chuma. Ukiishika kuelekea jua utaona vumbi letu jeusi la mawe ya volkano ya Nyiragongo limelala ndani, chembe moja moja, na hata mikwaruzo ya boneti imejichora juu yake. Pale ilipotoka, rangi ya gari inang'aa.

Sasa fanya hivyo hivyo kwenye kona ya kiti kibovu, kile ambacho hakina la kupoteza. Nilipofanya mimi, gundi ilizama ndani ya nyufa za simili. Nilipovuta, vipande vya simili vilitoka pamoja nayo, na ndani ya ufa gundi ilibaki na uchafu wake. Pembeni palikuwa na kitambaa cha kufunika kiti. Kule haikubanduka kabisa. Karibu nusu ya jibu langu iko kwenye kiti hicho.

Utando wa kwenye video hufanya kazi kwa njia ile ile, ila umetengenezwa kwa ustadi zaidi. Ni polima, yaani kitu cha jamii ya plastiki, iliyoyeyushwa ndani ya maji. Mara nyingi hutumika polivinili alkoholi, ndugu wa karibu wa kole yako. Ukiwa bado majimaji, unaingia kwenye vishimo vidogo vya chuma ambavyo jicho halivioni na kuzizunguka chembe zilizojificha humo. Maji yanapokauka, utando unajikaza na kuwa kitu kimoja. Sehemu zake zinashikana zenyewe kwa nguvu kuliko zinavyoshika chuma, ndiyo maana unaweza kuuvuta mzima bila kukatika, na chembe zinafuata. Wazo hili ni la zamani. Mafundi wa darubini kubwa husafisha vioo vyao kwa utando wa aina hii, kwa sababu kitambaa kingevikwaruza. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuta za ndani za kanisa kuu la St Paul's mjini London zilisafishwa kwa kupakwa mpira wa majimaji na kuubandua pamoja na masizi ya vizazi vingi.

Walioutumia zaidi ni watu wa nishati ya nyuklia, na hapo inafaa tukae kidogo. Vumbi lenye mionzi haliuliki. Ulimwagie klorini, ulichemshe, ulichome moto, mionzi ipo tu. Dawa yake ni moja: kulitoa hapa na kulipeleka mahali ambapo halitamfikia mtu. Kwa adui wa namna hiyo, utando ni chombo bora sana, kwa kuwa unalifunga vumbi lisiruke, halafu unalikunja, unalitia ndani ya pipa, na pipa linakwenda kuhifadhiwa. Maji yangelitawanya kwenye mitaro. Kwa hiyo kazi ya asili ya utando, Mama, ni kuhamisha. Haukuundwa uue kitu.

Basi ulifikaje kwenye treni? Mwezi wa Juni 1966, jeshi la Marekani lilifanya jaribio la siri ndani ya treni za chini ya ardhi za New York. Walidondosha balbu zilizojazwa bakteria waliodhaniwa kuwa hawana madhara, ili kuona kama ugonjwa unaweza kusambazwa kwa njia hiyo. Upepo wa treni zenyewe uliwabeba bakteria hao kutoka kituo hadi kituo. Miaka 35 baadaye, mwaka 2001, kulikuja barua za kimeta: watu 22 waliugua nchini humo na 5 walikufa, na majengo yaliyopitiwa na barua hizo yalifungwa kwa muda mrefu kusafishwa. Tangu hapo wataalamu wao wakawa wanajiuliza: kimeta kikimwagwa kwenye treni za chini ya ardhi, tutazisafishaje? Mwaka 2016, kwenye kambi ya kijeshi huko Virginia, walitumia mfano wa kituo cha treni, wakatawanya humo bakteria ndugu wa kimeta asiyedhuru, kisha wakapima njia za kusafisha zenye klorini. Utafiti wa utando wa kubandua kwa vimelea unatoka kwenye hofu hiyo hiyo.

Kimeta kinaogopwa hivyo kwa sababu ya spora. Bakteria huyu akikosa chakula hujifunga ndani ya ganda gumu na kulala. Katika usingizi huo hahitaji maji, jua halimsumbui sana, na dawa nyingi za kusafishia hazimfanyi kitu. Kisiwa cha Gruinard huko Scotland kilimwagiwa spora za kimeta na Waingereza mwaka 1942, wakati wa majaribio ya vita. Mwaka 1986 bado kilikuwa hakikaliki. Ikabidi wakimwagie tani 280 za formaldehaidi, dawa kali ya kuua vimelea, iliyochanganywa na maji ya bahari, na ni mwaka 1990 tu ndipo serikali yao ilipotangaza kwamba ni salama. Adui wa namna hiyo, asiyekufa kirahisi, unaweza kuelewa kwa nini mtu angetaka kumbandua na kuondoka naye. Wengine wamechanganya dawa ya kuua ndani ya utando wenyewe ili ufanye kazi zote mbili. Ni utafiti wa maana, nami naufuatilia kwa heshima.

Sasa turudi Birere. Ni nani anayepanda gari lako?

Ebola anaweza kupanda. Tarehe 14 Julai 2019 mji wetu ulithibitisha mgonjwa wake wa kwanza, mchungaji aliyefika kwa basi kutoka Butembo. Wengi wetu tunaikumbuka siku hiyo; siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa. Virusi vya Ebola vimevaa ngozi ya mafuta, na sabuni inapasua mafuta. Juu ya kitu kikavu, kama kitasa cha mlango, vinaishi kwa saa kadhaa. Ndani ya damu au matapishi vinaweza kufika siku kadhaa. Korona naye amevaa ngozi ya namna hiyo. Kipindupindu, ambacho wazee wetu hawawezi kukitaja bila kukumbuka Julai 1994, kilipoua maelfu ya wakimbizi hapa Goma, kinasababishwa na bakteria anayependa maji na anayechukia ukavu: chuma kikikauka vizuri, anakufa mwenyewe. Hawa wote hawana ganda la kulalia. Wanauliwa na sabuni, klorini, jua na ukavu. Ukiweza kumuua adui papo hapo alipo, huna sababu ya kumfunga ndani ya plastiki ukatembea naye mjini.

Mpox ndiye mgumu kidogo, kwa sababu anatoka kwenye vidonda na magamba yake, na gamba kavu linamkinga. Katika nyumba ya mgonjwa mmoja huko Dallas, mwaka 2021, watafiti walikuta virusi vyake vikiwa hai siku 15 baada ya mgonjwa kuondoka. Lakini angalia walivikuta wapi kwa wingi: kwenye vitu vinavyofyonza, yaani nguo na vitambaa, kuliko kwenye vitu vigumu visivyofyonza. Utando wa kubandua unafanya kazi vizuri juu ya chuma, kioo na plastiki isiyo na nyufa. Kwenye kitambaa na sponji unashindwa, kama kole yako ilivyoshindwa kwenye kifuniko cha kiti. Kwa hiyo mahali mpox anapokaa muda mrefu ndipo utando usipofika, na mahali utando unapofika, sabuni ya kipande na kitambaa safi vinamtosha.

Kuna pia mambo ya Goma yenyewe. Utando huo hukauka kwa saa kadhaa, na ukipakwa mnene huchukua usiku kucha, tena mahali pakavu. Sisi tuko kwenye mita 1500 na zaidi, jioni ni baridi, na miezi ya mvua hata nguo hazikauki hadi kesho yake. Gari lako likimaliza saa moja ya usiku na kutakiwa barabarani saa kumi na moja alfajiri, utando utakuwa bado unanata, na utando unaonata ukiuvuta unakatika na kuacha makombo kila mahali.

Na taka zake? Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Tando nyingi za aina hii huyeyuka tena zikikutana na maji. Chembe zilizokamatwa zinaachiwa. Kwenye maabara si tatizo, maana wanazitia kwenye mifuko iliyofungwa na kuzichoma kwenye tanuri. Hapa kwetu, nakuomba ufikirie vizuri safari ya mfuko huo baada ya konvayeri, yaani utingo wako, kuutoa garini: jalala la nyuma ya nyumba, mvua ya saa tisa alasiri, mtaro, ziwa. Kina mama wanaochota maji Kituku wako mwisho wa mstari huo.

Kwa hiyo, kwa magari yako, jibu ni hapana. Ila ulilalamika kuhusu klorini, na malalamiko hayo ni ya haki. Vyuma kuoza, simili kupasuka na macho kuwasha vinatokana zaidi na namna inavyotumiwa. Mwaka 2019 nilisimama kwenye uwanja mmoja wa magari hapa mjini nikitazama kijana akipuliza klorini ndani ya basi. Sakafuni kulikuwa na tope la kidole kizima. Alipuliza juu ya tope, akapuliza viti, akafunga milango, akaenda kwenye gari la pili. Harufu ilikuwa kali hadi nje. Nilikuwa kazini siku hiyo, nilijua kwamba kazi hiyo haina faida, na sikumzuia, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na kila mtu aliridhishwa na harufu. Hilo bado linaniuma.

Klorini ikikutana na uchafu wa viumbe, yaani mate, matapishi, damu, mabaki ya chakula na tope lenye mbolea ya sokoni, inaisha nguvu kwa kupambana na uchafu huo kabla haijafika kwa kimelea. Unabaki na harufu na kutu. Kwa hiyo kazi ya kwanza, na kubwa kuliko zote, ni kuosha. Fagia, toa tope, sugua kwa maji na sabuni ya kawaida, suuza. Ukifika hapo umeshaondoa sehemu kubwa ya vimelea, na wengi umeshawaua. Utaona kwamba hii nayo ni kuhamisha, kazi ile ile ya utando, tofauti ni kwamba sabuni inaua wakati inahamisha.

Kisha klorini, na hapa nadhani ndipo vijana wako wanapokosea vipimo. Kwa klorini ya unga iitwayo HTH, ya asilimia 70, vijiko 10 vya supu, vilivyosawazishwa juu, ndani ya lita 20 za maji, yaani bido moja ya njano, vinatoa maji makali ya asilimia 0.5. Haya ni kwa damu, matapishi na kinyesi, au pale wenye mamlaka ya afya wanapokuambia kwamba gari limebeba mgonjwa. Hayafai kwa kila jioni. Kwa siku za kawaida, vijiko 2 kwenye bido hiyo hiyo vinatosha, hiyo ni asilimia 0.1. Kama mmekuwa mkitumia makali kila siku, mmetumia mara tano ya kinachohitajika, na simili yenu imelipa gharama hiyo.

Changanya nje, kwenye chombo cha plastiki, na utumie siku hiyo hiyo; kesho yake maji yamechoka. Usiyachanganye na siki, dawa ya choo wala kitu chochote chenye asidi, maana inatoka hewa inayounguza mapafu. Tena acha kupuliza. Lowesha kitambaa, upanguse. Pampu inapeleka matone hewani, yanatua pale yanapotaka, na anayepuliza anayavuta. Mwaka 2020, wakati wa Korona, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo ulioeleza wazi kwamba ndani ya majengo kupuliza dawa kama kazi ya kila siku hakushauriwi, na kwamba binadamu asipulizwe kamwe. Ukipangusa, acha chuma kikae kimelowa dakika 10. Halafu, na hili ndilo watu wengi wanaliruka, rudi na kitambaa chenye maji safi ufute klorini yote, kisha ukaushe. Kutu yako inatoka kwenye klorini inayoachwa kulala juu ya chuma usiku kucha. Fungua milango na madirisha yote hadi gari likauke. Abiria wa asubuhi hatalia tena.

Huna haja ya kupangusa gari zima kwa klorini. Kaa siku moja kwenye kiti cha nyuma uangalie mikono. Mimi nimefanya hivyo kutoka Birere. Mlango wa kusukuma unashikwa na kila anayepanda, kwa ukingo wake wa ndani, pale mpira ulipochakaa. Bomba la nyuma ya kiti cha mbele linashikwa na kila anayeinama kupita. Kiti cha kukunja cha katikati kinainuliwa na kushushwa kwa mkono kila kituo. Kingo za madirisha, kwa wale wanaosikia kichefuchefu. Na konvayeri mwenyewe: mkono ule ule unashika mlango, unapokea noti za franka zilizolainika kama kitambaa, unampandisha mtoto kwa kumshika kiganja, unapeleka mandazi mdomoni. Vituo vitano nilivyohesabu, mkono wake uligusa watu kumi na wanne. Kungekuwa na utando wa dhahabu kwenye viti vyote, mkono huo ungevichafua kabla ya kufika Ndosho. Mpe konvayeri chupa ndogo ya maji na sabuni, na dakika moja ya kunawa kila mwisho wa mstari. Katika ushauri wote ninaokupa, huu ndio wa bei ndogo na wenye faida kubwa.

Vifuniko vya kitambaa kwenye viti, mazulia ya dashibodi, mapazia ya madirisha: viondoe. Najua vinapendeza na najua dereva atanung'unika. Lakini ndiyo nyumba ya mpox na kunguni kwa pamoja. Kama huwezi kuviacha, vifuliwe kila wiki kwa maji ya moto na vikaushwe juani. Viti vilivyopasuka vishonwe simili mpya, kwa sababu ufa wa simili unafika kwenye sponji, na sponji iliyokunywa matapishi haisafishwi, inatupwa.

Sasa lile wazo la video nililokuahidi. Kiini chake ni hiki: weka kitu kati ya uchafu na chuma, kisha ukiondoe pamoja na uchafu wake. Sisi Goma tumekuwa tukifanya hivyo kwa shitingi, yaani turubai la plastiki. Siku dereva wako atakapoombwa usiku kumpeleka mgonjwa hospitali, jambo ambalo litatokea kwa sababu hawezi kumkatalia jirani, awe na kipande cha plastiki nzima ndani ya gari, kikubwa cha kufunika kiti na sakafu yake. Kitandikwe kabla mgonjwa hajapanda, madirisha yafunguliwe, na dereva abaki mbele. Mgonjwa akishapokelewa, plastiki inatolewa kwa glavu, ikianzia pembeni na kukunjwa kuelekea katikati, upande mchafu ukimezwa ndani, hadi inakuwa furushi dogo. Ni kama unavyovua glavu kwa kuigeuza. Asiikung'ute hata kidogo. Furushi liachwe hapo hapo kituo cha afya, kwenye taka zao za kuchomwa, lisirudi nyumbani. Kisha kiti kioshwe na kupanguswa kwa maji ya asilimia 0.5 kama nilivyoeleza. Huo ni utando wa kubandua usiohitaji kukauka na usioyeyuka kwenye mvua.

Na kama mtu akitapika au kuharisha ghafla katikati ya safari, abiria washuke kwanza. Dereva avae glavu, amwage majivu au vumbi la mbao juu ya uchafu ili ufyonzwe, asiguse kwa mkono mtupu, azoe kwa kipande cha karatoni, vyote viingie kwenye mfuko na mfuko ndani ya mfuko wa pili. Hapo ndipo sabuni, hapo ndipo klorini kali na dakika zake 10. Chonde chonde, gari hilo lisipelekwe kuoshwa ziwani. Najua ni kawaida, maji ni ya bure na vijana wako pale na burashi. Lakini maji hayo yanarudi kwenye bido za watu.

Nirudi kwenye basi lile la Butembo, maana nadhani ndilo lililo nyuma ya swali lako. Dereva na abiria waliosafiri na mchungaji walitafutwa, wakapatikana, wakaanza kuchanjwa siku iliyofuata. Mwaka ule Goma ilithibitisha wagonjwa wanne tu wa Ebola, katika mlipuko uliochukua watu zaidi ya 2,200 mashariki mwa nchi yetu. Abiria walipatikana kwa sababu kulikuwa na mtu aliyejua nani alipanda. Kwa safari ndefu, daftari la majina na namba za simu lina thamani kwa afya ya mji huu kuliko dawa yoyote ya kupaka. Kwa mstari wako mfupi haliwezekani, naelewa. Lakini dereva aandike angalau siku, saa na gari, kila mara anapobeba mgonjwa.

Kuhusu kijana wa Dubai, simfahamu na sitamsema vibaya. Muulize mambo manne kabla ya kumpa chochote. Ndani ya ndoo kuna kitu gani kinachoua, na kimeandikwa kwenye lebo kwa jina na asilimia? Kinaua vimelea gani, na kinahitaji kukaa muda gani? Kinakauka kwa saa ngapi penye unyevu? Na utando ukishabanduliwa, kiwanda kinasema uende wapi? Kama lebo inasema tu kwamba unaondoa uchafu, basi ni kole ya bei kubwa. Kama inaahidi kukinga gari miezi mitatu kwa kupaka mara moja, kuwa mwangalifu zaidi: ahadi kama hizo ziliuzwa sana wakati wa Korona, na mkono wa abiria unaofuata unaleta uchafu mpya juu ya rangi hiyo sekunde ile ile. Akikuletea lebo, ipige picha unitumie. Kama ni ya Kichina au ya Kiarabu, piga pande zote za ndoo, hata maandishi madogo ya chini. Nitatafuta wa kunitafsiria na kukusomea mstari kwa mstari.